Sura ya Sita ya Stelingi

Kwenye filamu Sylvestre Cirhuza alioa mara kumi na moja. Alioa binti wa mwenye duka, akaoa mjane, akaoa hata binti wa jambazi aliyekuwa akimsaka, na kila mara watu waliobanana kwenye majumba ya sinema ya Nairobi, Mombasa na Kisumu walipiga vigelegele kana kwamba mahari wametoa wao. Nje ya filamu hakuoa. Sasa alikuwa na miaka sabini na minane, anaishi peke yake katika nyumba ya matofali mekundu huko Saltley, mjini Birmingham, Uingereza, kwenye mtaa ambao nyumba zake zimeshikana mabega kutoka kona hadi kona, na alikuwa akiandika kitabu cha maisha yake.

Kazi yenyewe ya kuandika ilikuwa ya Mireille. Vidole vya Sylvestre vilikwisha kukakamaa, havikubaliani tena na kalamu wala vitufe. Mireille, binti wa marehemu dada yake, alikuwa nesi, na kila Jumamosi asubuhi alikuja na kompyuta yake, akaketi kwenye meza ya jikoni, na mjomba wake akawa anatembea kati ya jiko na mlango wa nyuma huku akisema. Alisema kama alivyosema zamani mbele ya kamera, sentensi nzima nzima, pumzi mahali pake. Sura tano zilitoka hivyo bila taabu. Alisimulia alivyoondoka Bukavu akiwa kijana mwembamba asiyejua hata Kiingereza cha kuombea maji, na jinsi Inderpal, mtayarishaji wa filamu wa Nairobi, alivyomwona akibeba magunia akasema uso huu haukuumbwa kwa ajili ya magunia. Alisimulia miaka aliyokuwa stelingi, wakati kinyozi yeyote wa mjini alijua kukata nywele za mtindo wake.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili walifika sura ya sita. Sylvestre aliacha kutembea. Alivuta kiti akakaa mbele ya mpwa wake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu waanze. Akamwambia aandike kwamba mwaka 1972 alimpenda mtu, na mtu huyo akampenda; kwamba alikuwa fundi wa taa kwenye filamu zake, mwanamume, na jina lake lilikuwa Gedi.

Vidole vya Mireille vilisimama. Sylvestre alisubiri. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kusubiri bila kupepesa macho, lakini siku hiyo alijikuta anaangalia mikono yake mwenyewe. Huyu alikuwa mtoto aliyemlea. Yeye na kaka yake, Mardochée, walikuwa na miaka sita na tisa vita vilipomchukua mama yao, na ni Sylvestre, ambaye wakati huo alikuwa amerudi Bukavu, aliyewavusha mpaka, akakaa nao kambini, akaja nao hadi Birmingham. Hakuwa na mwingine wa kumwogopa duniani zaidi ya hao wawili.

“Gedi,” Mireille alisema mwishowe. “Inaandikwa na G ama na J?”

“Na G.”

Akaandika. Wakaendelea hadi saa saba mchana, na Mireille hakuuliza tena kitu. Ni wakati wa kuvaa koti, akiwa mlangoni, ndipo alipomwambia kwamba kuna jambo moja limemuudhi. Alipokuwa na miaka kumi na saba alimuuliza kwa nini hana mke, na yeye akamjibu kwamba Goretti, yule mwigizaji mwenzake, alimvunja moyo. Mireille alimlilia mjomba wake kwa ajili ya Goretti. Aliwahi hata kumchukia yule mama.

“Ulinidanganya, Tonton,” alisema, jina la Kifaransa la mjomba ambalo walimwitia tangu utotoni.

“Nilikudanganya,” Sylvestre alisema. “Nilidanganya nchi nzima. Sasa nimechoka.”

Habari ya Goretti ilikuwa hivi. Mwaka 1974 maneno yalianza kuzagaa mjini kwamba stelingi na fundi wake wa taa wanaonekana pamoja kupita kiasi. Walikuwa wamepanga vyumba viwili mtaa wa Ngara, Nairobi, na katika vitanda viwili vilivyokuwemo, kimoja hakikuwahi kulaliwa. Inderpal hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na filamu za kuuza. Alimwita Sylvestre ofisini, akamwita na Goretti, akatoa pete kwenye sanduku la mavazi na kuwaambia kwamba kuanzia leo wao ni wachumba. Wakapigwa picha. Uchumba huo uliishi magazetini miaka sita. Kila baada ya picha pete ilirudishwa sandukuni, na kila mwaka wasomaji waliandika barua kuuliza harusi ni lini. Goretti alikubali haraka, na sababu yake ya kukubali Sylvestre aliijua, wala hakuiweka kitabuni.

Kuhusu Gedi, aliandika mengi. Aliandika kwamba wakati huo taa za filamu zilikuwa za moto mkali, na Gedi alikuwa na kovu la kuungua kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Kabla ya kila onyesho fundi wa taa hupima kivuli kwa kuweka kiganja karibu na shavu la mwigizaji. Gedi alikuwa anapima kivuli cha Sylvestre mbele ya watu arobaini, kiganja kikiwa karibu na shavu kiasi cha kusikia joto lake, na hakuna aliyeshangaa, kwa maana ilikuwa kazi. Mahali pengine popote barabarani walitembea umbali wa hatua tatu.

*

Kitabu kilikuwa kimeahidiwa kampuni ndogo ya uchapishaji, yenye ofisi ghorofani juu ya karakana ya baiskeli, karibu na mfereji. Mhariri wake aliitwa Magdalene, Mkenya aliyekuja Birmingham akiwa shule ya msingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu anayekipenda kuliko anavyokitumia. Alimwita Sylvestre mwezi wa tatu. Alimkaribisha kahawa, akamwambia kwamba sura ya sita ilimliza ndani ya treni hadi abiria wa pembeni akampa kitambaa. Kisha akaomba zaidi.

Alichotaka kilikuwa wazi. Sylvestre alikuwa ameandika kuhusu waziri mmoja wa zamani aliyekuwa akituma gari kumchukua mwigizaji kijana, lakini hakumtaja. Aliandika kuhusu mwimbaji maarufu, hakumtaja. Na Goretti je? Kwa nini alikubali pete ya bandia kwa miaka sita? Wasomaji wangeuliza, na magazeti yangeuliza pia. Majina hayo, Magdalene alieleza, ndiyo yangekitoa kitabu hiki Birmingham na kukifikisha mbali.

Sylvestre alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akasema kwamba amekuja kusema yake. Goretti alimtunzia siri miaka sita, akafa bila kusema ya kwake, na hakuna mahali alipomwandikia barua ya kumruhusu amsemee.

“Bila majina wakubwa wangu watakiona ni kitabu kidogo,” Magdalene alisema.

“Basi kiwe kidogo.”

Magdalene alitabasamu, kwa sababu alianza kumjua mzee huyu. Kisha akauliza swali jingine, na aliliuliza kwa nia njema kabisa, kama mhariri anayetaka kujua karatasi zake zimekaa sawa.

“Na Gedi? Yeye alikuruhusu?”

Gedi alikuwa amekufa Nairobi mwaka 2009. Sylvestre alimwambia Magdalene kwamba atamjibu baadaye, akachukua kofia yake, akashuka ngazi polepole akiwa ameshika ukuta. Njia nzima ya kurudi Saltley lile swali lilikuwa limekaa naye ndani ya basi. Alikuwa ametetea siri za waziri asiyempenda na mwimbaji ambaye hakuwa hata rafiki yake, halafu mtu aliyempenda kuliko wote alikuwa amemweka hadharani bila kuuliza mtu.

*

Kabla hajajua la kufanya, Mardochée alikuja. Ilikuwa Jumanne asubuhi, amebeba mkate na maziwa kama kawaida yake. Mardochée alikuwa mchungaji. Alianzisha kanisa Perry Barr na watu kumi na wanne, na sasa lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili, wengi wao familia za Bukavu, Uvira na Goma. Mwezi wa tano kanisa lilipanga kumheshimu Sylvestre kwa kuonyesha filamu yake iitwayo *Bwana Harusi Mara Tatu*, ambayo nakala yake ilipatikana kwenye maktaba moja huko Ujerumani. Mabango yalikwisha kuchapwa.

Mireille ndiye aliyemweleza kaka yake, hakutaka ayasikie kwa watu wa nje. Mardochée hakuja kugombana. Aliketi, akashika mkono wa mjomba wake, akasema kwamba ndani ya nyumba hii hakuna kitakachobadilika, yeye atabaki baba yao. Lakini kitabu ni kitu kingine. Kuna wamama kanisani, kuna watoto, kuna baraza la wazee linaloongozwa na mzee Aganze, ambaye tayari amesikia. Akaomba sura ya sita iondolewe. Kama haiwezekani, basi isubiri. Sylvestre akishalala, Mireille ataichapisha baadaye kwa utulivu.

“Nikifa nani atawajibu watakaouliza?” Sylvestre alisema. “Nataka waniulize mimi.”

Mardochée aliinamisha kichwa. Alipokiinua macho yake yalikuwa mekundu.

“Tonton, watu watasema sisi tulilelewa na nani?”

Hilo lilimchoma. Kuna maneno yalimjia Sylvestre mdomoni, ya mtoto wa miaka tisa mwenye homa aliyebebwa mgongoni siku nne katika matope, ya nusu biskuti iliyogawanywa mara tatu. Aliyameza. Hakumbeba mtoto yule ili siku moja aje kumkumbusha.

“Waambie mlilelewa na mimi,” alisema.

Basi Mardochée akasema, kwa sauti ya chini na kwa uchungu wa kweli, kwamba ukumbi wa kanisa hautawezekana. Sylvestre akamwambia ameelewa. Akamshukuru kwa mkate, akamsindikiza mpaka kwenye gari, na akasimama kando ya barabara hadi gari lilipokata kona. Aliporudi ndani alikuwa na hasira ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka mingi. Hakumkasirikia mtoto. Alikasirikia zile hatua tatu alizotembea barabarani miaka kumi na sita, hadi alipoondoka Nairobi, na sasa akaona wanataka azitembee tena, uzeeni, ndani ya kitabu chake mwenyewe.

Ila swali la Magdalene lilikuwa bado palepale, na mtu wa kulijibu alikuwa mmoja tu.

*

Sirad aliishi Balsall Heath, juu ya duka la peremende, katika mtaa unaonuka vitunguu vya kukaanga tangu saa nne asubuhi. Alikuwa mjane wa Gedi. Alizaliwa na kukulia Eastleigh ya Nairobi, akapitia Uholanzi na wanawe, akaishia Birmingham, na miaka tisa iliyopita yeye na Sylvestre walikutana uso kwa uso katika duka la vitambaa. Sirad ndiye aliyemtambua kwanza. Alimwita shemeji, kama alivyokuwa akimwita Nairobi, na tangu siku hiyo walipelekeana chakula wakati wa Idi na Krismasi na kuulizana hali za magoti. Jambo lenyewe hawakuwahi kuligusa.

Siku ile Sylvestre alipanda ngazi zake akiwa na bahasha ya kurasa kumi na saba. Sirad alikuwa na miaka sabini na moja, amevaa miwani mikubwa, na alimkaribisha chai ya viungo kabla ya kumuuliza shida. Sylvestre alibaki amesimama. Alimwambia kwamba ameandika kitabu, na ndani yake amemwandika Gedi, kama alivyokuwa kwake, na kwamba amekuja kwa sababu aliandika kwanza kabla ya kuuliza, na hilo lilikuwa kosa. Akisema hapana, kurasa hizi atazichana hapahapa.

Sirad alipuliza chai yake.

“Kaa chini, shemeji. Soma.”

Akasoma. Kurasa tatu za kwanza alizisoma kama mwigizaji, kwa sauti iliyopandishwa na kushushwa. Baadaye ile sauti ilimtoka, akasoma kama mzee anayesoma karatasi. Alisoma juu ya kovu la mkono, vyumba vya Ngara, kiganja na shavu. Sirad alitazama dirishani, hakumkatiza. Alifika mahali palipoandikwa kwamba mwaka 1979 familia ya Gedi ilimwoza, na kwamba mkewe hakujua lolote. Sirad aliinua mkono.

“Rudia hapo.”

Alirudia.

“Nani alikuambia sikujua?”

Sylvestre alitua karatasi. Sirad alizungumza taratibu, bila kupandisha sauti. Alisema alijua kabla mwaka wa kwanza haujaisha, kwa jinsi mumewe alivyokuwa akipiga pasi shati lake Alhamisi, siku ya kwenda kwa Sylvestre, yeye ambaye siku nyingine alitoka na shati lolote. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alirudi kwa mama yake akakaa miezi miwili, halafu akarudi kwa miguu yake mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Gedi alikuwa mume asiyepiga wala kutukana, alikuwa baba aliyewaogesha watoto wakati wanaume wengine wakiona aibu, na yeye Sirad alikuwa na duka lake la nguo na akili zake. Aliamua. Alimkasirikia Sylvestre miaka mitatu, kisha hasira ikamchosha, akaanza kumwita shemeji.

“Nilikuita shemeji makusudi,” alisema. “Nilidhani wewe mtu wa filamu utaelewa.”

Hakuwa ameelewa. Miaka arobaini na zaidi alijiona ndiye mwenye kuficha, kumbe alikuwa anafichwa.

Kisha Sirad akamweleza jambo ambalo alikuwa amelibeba. Gedi alipokuwa anakufa alimuulizia Sylvestre. Alimuulizia siku mbili. Sirad alipiga simu Bukavu, akapiga Kampala, akamtuma mtu hadi kwa wazee wa filamu waliobaki mjini, na hakuna aliyejua Sylvestre yuko wapi. Wakati huo Sylvestre alikuwa hapahapa Birmingham, anasafisha ofisi, ana namba ya simu ambayo hakumpa mtu yeyote wa zamani kwa sababu alitaka maisha ya zamani yamsahau.

Alilia. Alilia na miwani usoni, bila kujificha, na Sirad hakumbembeleza. Alimwachia muda wake, kisha akamsogezea karatasi za kujipangusa.

“Andika,” alisema. “Gedi alifanya filamu kumi na tisa na jina lake halikuonekana kwenye skrini hata mara moja. Liandike. Lakini mimi umeniandika kama mjinga, na hata jina hukunipa. Umeandika ‘mkewe’. Andika Sirad. Andika nilijua, nikakaa, na hakuna mtu alinilazimisha. Sitaki mtu anionee huruma sokoni.”

Sylvestre akamuuliza kuhusu Hamse, mwanawe mkubwa, mtu mwenye kampuni ya teksi na heshima zake msikitini. Je, atakubali?

“Hamse ni mwanangu, si babangu,” Sirad alisema. “Nitaongea naye.”

Sylvestre alipokuwa anashuka ngazi, Sirad alimwita kutoka juu. Alimwambia asije akafikiri amesamehewa yote. Sylvestre alijibu kwamba hilo pia ataliandika.

*

Kitabu kilitoka mwezi wa sita, nakala mia sita tu, bila jina la waziri wala la mwimbaji. Magdalene alipigana na wakubwa wake akashindwa nusu: walikubali kuchapa, wakakataa kutangaza. Kwa hiyo Mireille ndiye aliyefanya kazi ya kutangaza. Alimwendea Manjit, mwenye ukumbi wa harusi Balsall Heath ambaye mama yake aliwahi kulazwa katika wodi ya Mireille, akamwomba ukumbi Jumatano mchana, siku isiyokuwa na harusi. Manjit aliutoa, na viti vyake vyenye vitambaa vya dhahabu akaviacha palepale.

Walikuja watu kama themanini. Wakenya wa makamo waliokua wakiimba nyimbo za filamu zake walikuja, na vijana wa Kisomali waliosikia kwamba kuna jina la Kisomali ndani. Walikuja wamama tisa wa kanisa la Mardochée, wamevaa vitenge vya Jumapili, wakaketi pamoja mstari mmoja kama watu waliokubaliana jambo. Mzee Aganze alikuja pia, na watu wake. Mardochée hakuja. Hamse alikuja, akasimama karibu na mlango mikono kifuani. Sirad aliketi mbele kabisa.

Filamu ilionyeshwa kwanza. Sylvestre hakuwa ameiona kwa miaka arobaini. Alijitazama akiwa kijana, anaruka ukuta, anamtorosha bibi harusi, na ukumbi ukacheka mahali palepale walipokuwa wakicheka watu wa Kisumu. Lakini yeye alikuwa akitazama mwanga. Alijua kila taa ilipokuwa imesimama na mkono uliokuwa umeisimamisha.

Filamu ilipokwisha alipanda jukwaani na kitabu. Kabla hajakifungua, mzee Aganze alisimama. Aliongea kwa heshima, akasema kwamba wao wamekuja kumpa heshima mzee wao na kutazama filamu, na wanamwomba aishie hapo.

“Filamu imeisha,” Sylvestre alisema. “Sasa nasema mimi.”

Aganze alitikisa kichwa, akatoka, na watu kama kumi na tano wakamfuata. Viti vilikwaruza sakafu. Sylvestre alisubiri hadi mlango ulipofungwa nyuma ya wa mwisho wao. Mstari wa wamama tisa haukusogea. Mmoja wao, mama Précieuse, aliyekuwa akiuza vitenge Alum Rock na kuogopwa na kanisa zima, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba aendelee, wengine wana watoto wa kuchukua shuleni.

Akasoma sura ya sita yote. Safari hii hakuigiza hata sentensi moja. Alipofika kwenye maneno ya Sirad, yale aliyoyaandika sawasawa kama yalivyosemwa, aliinua macho. Sirad alikuwa ameketi wima, mkoba magotini, anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Hamse alikuwa ameshusha mikono. Hakutabasamu, lakini hakuondoka.

Walipopewa nafasi ya kuuliza, mzee mmoja wa Nakuru aliuliza kile ambacho wengi walitaka kukiuliza. Alitaka kujua, miaka yote ile alipokuwa akiwakumbatia mabibi harusi kwenye filamu, alikuwa akiwaza nini.

“Nilikuwa nawaza taa inatoka upande gani,” Sylvestre alisema.

Ukumbi ulicheka, na yeye akacheka pamoja nao.

*

Ijumaa baraza la wazee lilimletea barua likimwomba apumzike kazi yake ya kusoma maandiko mbele ya waumini siku za ibada. Jumapili alivaa suti yake ya kijivu, akapanda basi hadi Perry Barr, akaingia kanisani dakika kumi kabla ya nyimbo, akaketi mstari wa tatu, mahali pake. Dada wa mapokezi alimjia akiwa na aibu usoni, akamwambia nyuma kuna viti vizuri zaidi. Sylvestre alimshukuru na kumwambia kwamba amekaa hapa tangu kanisa lina watu kumi na wanne, na leo pia atakaa hapa. Familia moja ilihama mstari. Mama Précieuse akahamia, pamoja na mikoba yake mitatu, na akaimba nyimbo zote karibu na sikio lake.

Mardochée alihubiri bila kumtazama. Baada ya ibada alisimama mlangoni kuwaaga watu kama kawaida, na Sylvestre akapanga foleni kama mtu yeyote. Walipeana mikono. Mardochée alishikilia mkono wake muda mrefu kuliko alivyoshikilia ya wengine, akasema kwa sauti ya chini kwamba alinunua kitabu. Kiko ndani ya gari, chini ya kiti.

“Kitoe chini ya kiti,” Sylvestre alisema. “Ukisome, usikisome, hiyo ni shauri yako. Lakini mimi usinifiche tena.”

Nyuma yake watu walikuwa wakisubiri kumsalimu mchungaji. Sylvestre aliachia mkono, akavaa kofia yake, akatoka juani.

Wiki tano zilipita bila simu. Jumapili zote tano Sylvestre alikwenda, akaketi mstari wa tatu, na kwenye Jumapili ya nne ile familia iliyohama ilirudi mahali pake bila kusema kitu. Mwezi wa saba ukielekea mwisho, Jumanne asubuhi, Mardochée alipiga hodi Saltley. Hakuwa na mkate wala maziwa. Alikuwa na kitabu, jalada limejikunja, vipande vya karatasi vimechomoza kati ya kurasa, na vingi vilikuwa katikati. Alisema ana maswali, na mengine hayatampendeza Tonton.

Sylvestre alimtazama kidogo pale mlangoni, kisha akaenda jikoni akamvutia kiti.

“Anza na lile gumu,” alisema.